Siku mbili na watoto: Nyangwe ao Kabambare?

Bandugu, wenzetu walio Ufaransa wakipata likizo fupi wanajiuliza: tupeleke watoto Disneyland Paris ao Parc Astérix? Sisi wa Kasongo hatuna parke kama zile, lakini swali ni lile lile: siku chache, franka kidogo, watoto wengi.

Kama uko na siku mbili tu, chagua Nyangwe. Ni karibu kuliko Kabambare, na kwa safari fupi barabara ndiyo inakula siku. Mtoto akishinda juu ya moto tangu asubuhi, atakumbuka vumbi tu. Kule kuna Lualaba, mitumbwi na wavuvi. Wakubwa muwaelezee pia tarehe 15/7/1871: watu wa wafanyabiashara ya watumwa walifyatua risasi sokoni Nyangwe, mamia wakakufa, wengi wao wanawake. Livingstone aliona kwa macho yake, akaandika. Watoto wetu wasikie habari hiyo kwetu, pale pale mtoni.

Kabambare muitunzie likizo kubwa, mwezi wa saba ao wa nane, mvua ikikatika. Livingstone alikwama huko miezi mingi mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kutembea.

Mbele ya kuondoka, patana na motari bei ya kwenda na kurudi. Uliza wanaotoka huko: njia iko aje, usalama uko aje? Wakisita kujibu, mubaki Kasongo. Mzee mmoja aonyeshe watoto mji ambao Tippu Tip aliufanya makao yake. Hakuna matembezi yenye kulipa roho ya mtoto.