Kibao cha Omolo Kiliuzwa Kama Njugu

Mwaka 1986 vijana wanne wa Marekani, waliojiita Poison, walijipaka poda na wanja kama mabibi harusi, wakatimua nywele, wakatoa albamu yao ya kwanza ya rock nzito. Huko kwao ziliuzwa nakala zaidi ya milioni tatu. Ni sifa kubwa, lakini sisi nasi tuna hesabu yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Gabriel Omolo na bendi yake ya Apollo Komesha walifyatua "Lunch Time". Haikuwa albamu. Ilikuwa santuri ndogo tu, nusu ya wimbo upande mmoja na nusu upande wa pili, nawe ukitaka utamu uendelee unainuka kuigeuza. Ziliuzwa nakala zaidi ya 150,000, na mwaka 1974 Omolo akatunukiwa santuri ya dhahabu.

Chukua kalamu, ndugu msomaji. Hesabu ya watu ya 1969 ilikuta Kenya ina watu karibu milioni 11. Basi hiyo ni santuri moja kwa kila watu 73 hivi. Marekani ya Poison ilikuwa na watu kama milioni 240, yaani albamu moja kwa kila watu 80. Hata tukiondoa nakala zilizovuka mipaka, Omolo hakuachwa mbali. Wala hakuhitaji wanja.

Kilichomsaidia ni Kiswahili. Aliimba juu ya wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana, mwenye nazo na asiye nazo, na kila karani alijiona humo. Wenzake wengi wa benga waliimba Kijaluo. Ukivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, ukashika njia ya kusini mpaka Shirati, Tanzania, alikozaliwa D. O. Misiani, umepita katikati ya nchi yao. Ungedhani nyimbo zao zingeishia hapo ziwani.

Wapi! Phares Oluoch Kanindo, mtayarishaji aliyekuja kuwa Mbunge, alizisafirisha santuri zao hadi Zimbabwe, enzi hizo ikiitwa Rhodesia. Watu wasiojua neno moja la Kijaluo walicheza mpaka wakauita muziki huo "kanindo". Moja ya nembo zake iliitwa Sungura, na mpaka leo Wazimbabwe wana muziki wao wa gita uitwao sungura. Mjanja wa hadithi zetu amefika mbali kuliko wengi waliompigia gita.

Hapo ndipo panapouma. Wanamuziki wengi wa siku hizo walilipwa mara moja tu studioni, wakarudi nyumbani. Santuri iuzwe mia au laki, mfuko ulikuwa ule ule. Halafu zikaja kaseti, na wezi wa kunakili wakala hata makombo. Kwa maoni yangu, santuri ya dhahabu ukutani ni pambo zuri, lakini haisomeshi mtoto.

Misiani na Shirati Jazz walitolewa albamu London mwaka 1987, "Benga Beat", mwaka mmoja tu baada ya ile ya Poison. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006, akiwa bado anapiga muziki.