Unataka kukimbia tena? Mguu ulionyamaza haujapona bado

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua kabati ya dawa, benchi la dispansere limekwisha kujaa watu wa mpira. Mmoja kifundo kimeteguka, mwingine goti limevimba, wa tatu anachechemea na kusema si kitu. Baadaye wanafika wa pikipiki, wale walioangukia kwenye barabara ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare, pale mvua ilipochimba mifereji katikati ya udongo mwekundu. Ninapowafunga bandi, wengi wananiuliza swali moja. Hawaulizi watarudi kazini lini. Hilo wanamwachia kapita. Wanauliza: «Munganga, nitakimbia tena lini?»

Zamani nilikuwa ninacheka. Leo sicheki, kwa sababu nami niliuliza swali lile, na nikajijibu vibaya.

Nilikuwa kijana, nimetoka shule ya unganga na cheti kipya, ninacheza upande wa kuume katika ekipi ya mtaa mmoja wa Kasongo. Siku moja mguu ukaingia ndani ya tundu karibu na goli. Kifundo kikavimba kama papai. Nikakifunga vizuri, nikapumzika juma 3, na maumivu yakaisha kabisa. Nikajisemea: mimi ni munganga, ninaujua mguu wangu. Nikaingia kiwanjani. Dakika kumi hazijapita, hakuna mtu aliyenigusa, mguu ule ule ukakunjika mahali pale pale, na safari hii kano zikakatika. Nilitembea na magongo, halafu karibu mwaka mzima sikukimbia hata kumfukuza kuku.

Sikukosa dawa. Nilikosa kuelewa kwamba mguu unanyamaza kwanza, na kupona kunakuja nyuma, pole pole.

Tazama basi ndani ya mguu wako. Mfupa ukivunjika, damu inaganda mahali pa ufa, kisha mwili unajenga pale fundo la mfupa mpya. Mwanzoni fundo lile ni laini. Siku zinapopita linakuwa gumu. Mifupa midogo ya mguu mara nyingi inashikana kwa juma 6 mpaka 8. Mfupa mkubwa wa muundi unataka miezi 3 au 4, mara nyingine zaidi. Kano ni zile kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Damu inayofika kwao ni kidogo, kwa hiyo zinapona kwa uvivu: iliyovutika kidogo juma 1 mpaka 3, iliyochanika nusu karibu juma 6, iliyokatika miezi 3 au zaidi. Nyama nayo inapungua. Mtu akitolewa plasta, apime mashavu ya miguu yote miwili kwa kamba, ataona mwenyewe.

Haya watu wengi wanayajua. Kuna jambo jingine wasilolijua, nalo ndilo lililoniangusha mimi.

Ndani ya kano na ndani ya nyama kuna mishipa midogo ya fahamu inayopeleka habari kwenye ubongo: mguu umeinama, jiwe linateleza, kisigino hakijakanyaga vizuri. Habari inafika, amri inarudi, nyama inakaza, na wewe hujajua hata kwamba ulikuwa karibu kuanguka. Kano zikichanika, waya hizo nazo zinaharibika. Ni kama simu ya mgodi iliyokatwa: aliye chini anaita, aliye juu hasikii. Uvimbe unaweza kwisha, maumivu yakaisha, na simu ikawa bado haijatengenezwa. Ndiyo maana kifundo kilichoteguka mara moja kinateguka tena kwa urahisi, na watu wanasema amerogwa. Hajarogwa.

Jipime leo jioni, karibu na ukuta ili usianguke. Simama juu ya mguu ulio mzima, mikono kifuani, macho wazi, na mtoto ahesabu. Kisha simama juu ya ule ulioumia. Kama wa kwanza unafika 30 na wa pili unaanza kutikisika kwenye 8, jibu umelipata. Dawa yake ni jambo lile lile: kila asubuhi unapopiga mswaki, simama juu ya mguu ulioumia. Usilipe hata makuta. Ukizoea, fumba macho. Ukizoea tena, simama juu ya mto au gunia lililokunjwa. Baada ya juma chache nyaya zinaanza kuitikia.

Sitasema mengi juu ya siku za kwanza, maana tumeyasema mara nyingi. Pumzisha mguu, uinue juu ya mto, uufunge bandi isiyokaza sana, uweke kitambaa kilicholoweshwa maji ya mtungi. Usiukande kwa maji ya moto siku 2 au 3 za kwanza, wala mtu asiukamue na kuuvuta, utavimba zaidi. Kama huwezi kupiga hatua 4, au ukibonyeza ule mfupa uliotokeza kando ya kifundo, upande wa nyuma, unasikia uchungu mkali, njoo upesi. Inawezekana ni mfupa, na nitakuandikia barua ya kwenda kupigwa picha ya radio. Kama kuna kidonda, njoo kwa sindano ya tetanosi.

Kuna wazee wanaotengeneza mifupa, na siwatukani. Wengine mikono yao ni mizuri. Lakini wakikufunga kwa vijiti, utazame vidole. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, kamba imekaza mno na damu haipiti. Usingoje asubuhi. Mama, hata kama mume wako anakataa, fungua.

Sasa nikupe habari ya mtu mmoja, kwa sababu watu wanaieleza kila mara, na kwa maoni yangu wanaieleza nusu.

John Stephen Akhwari ni Mtanzania wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni ya Olimpiki katika mji wa Mexico, mji ulio juu sana, zaidi ya mita 2.200, ambako pumzi inakuwa fupi. Njiani alianguka, goti likaumia vibaya na bega likagonga chini. Wakamfunga bandi, akaendelea, mara akitembea, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3, dakika 25 na sekunde 27, wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza, na giza limekwisha kuingia.

Dunia nzima inamsifu kwa usiku ule. Nami ninamheshimu. Lakini kama angekuwa mfanyakazi wetu, na mimi niko kando ya barabara na sanduku langu la dawa, ningemwomba akae chini. Goti lililoumia halifai kupewa kilomita nyingine. Habari ninayoipenda zaidi ni ile isiyosimuliwa: mwezi wa Julai 1970, miezi 21 baadaye, Akhwari alikimbia marathoni ya michezo ya Commonwealth kule Edinburgh, akawa wa 5, kwa saa 2 na dakika 15. Linganisha saa hizo mbili. Mtu yule yule, miguu ile ile, na tofauti inapita saa 1. Katikati kuna miezi 21 isiyopigwa picha na mtu. Kijana akija kwangu na kusema «mimi nitakaza roho kama Akhwari», ninamwuliza: Akhwari wa mwaka gani?

Basi, unarudije? Kwanza tembea. Mpaka uweze kutembea upesi dakika 30, mfululizo, bila kuchechemea, neno la mbio usilitaje. Kisha pima visigino: shika ukuta, simama juu ya mguu mmoja, inuka juu ya vidole na kushuka pole pole. Hesabu. Mguu mzima ukifanya mara 20 na ule mwingine mara 9, huo wa 9 bado ni mtoto. Umfundishe kila siku mpaka wakaribiane. Kisha ruka juu ya mguu ule mara chache, bila woga na bila maumivu. Ukishindwa kuruka, usikimbie, kwa sababu kukimbia ni kuruka kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, na kila hatua inaushukia mguu kwa uzito unaopita mara mbili uzito wa mwili wako.

Ukifaulu, anza hivi: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, urudie mara 6 au 8. Ni yote. Utaona aibu, wadogo zako watakupita. Waache wapite. Kesho yake pumzika, kesho kutwa rudia. Juma linalofuata kimbia dakika 2 na kutembea 2, na hivyo hivyo ukipanda ngazi. Chagua mahali pa sawa. Barabara zetu zenye mifereji na mawe ni nzuri kwa mguu ulio tayari, si kwa mguu unaojifunza. Kiwanja cha mpira asubuhi, kabla ya jua kali, kinatosha. Baada ya mvua kubwa, ngoja udongo ukauke. Na usikimbie na boti za kazi. Zimetengenezwa kukulinda na jiwe, hazikutengenezwa kukunjika.

Maumivu yatakusemesha njiani, na lazima ujue lugha yake. Maumivu madogo yanayokuja ukikimbia na kwisha kabla ya asubuhi ya pili, hayo ni ya kuvumilia. Maumivu yanayokufanya uchechemee, simama pale pale, urudi nyumbani kwa miguu. Mguu ukiamka umevimba, rudi nyuma ngazi moja, na usikasirike. Lakini usimeze diklofenaki ili upate kukimbia. Ninajua vidonge vinauzwa sokoni kama njugu. Kidonge kile hakitengenezi kano. Kinaziba mdomo wa mguu, nawe unaukanyaga usiomsikia mwenyewe akilia. Tena kinaweza kuchoma tumbo na kuharibu mafigo.

Na kazi? Hapa nasema wazi. Wengine wananificha kuchechemea kwao ili warudi chini ya mgodi upesi, kwa sababu ya posho ya watoto. Ninawaelewa. Lakini ngazi haina huruma. Mguu usioweza kusimama peke yake nyumbani kwako, karibu na ukuta, utasimamaje juu ya chuma chenye matope na mzigo begani? Ukikunjika pale, huanguki peke yako. Kuna mwenzako chini yako. Lete mguu upimwe, upate karatasi ya kazi nyepesi. Na wewe kapita, karatasi ile si ya kumfanyia mtu mzaha.

Chakula nyumbani kisaidie. Mama, wali wetu wa Kasongo ni mzuri, lakini wali peke yake haujengi nyama ya mguu. Weka maharagwe, samaki wa Lualaba, karanga, sombe.

Limebaki jambo la mwisho, la moyo. Mguu ukipona, woga unaweza kubaki. Mwili unakumbuka tundu lile, unajikaza, unakimbia kama mtu anayevuka mto kwa mara ya kwanza. Hapo wengi wanaacha kabisa, wanasema umri umekwenda. Wengine wanafanya vibaya zaidi: wanatoa saa, wanajilinganisha na zamani. Iache saa nyumbani. David Rudisha wa Kenya alikimbia mita 800 kule London mwaka 2012 kwa dakika 1, sekunde 40 na nukta 91, upesi kuliko mtu yeyote kabla yake. Mwaka 2013 goti likamzuia kwenda mashindano ya dunia ya Moscow. Alirudi, akashinda ubingwa wa dunia kule Beijing mwaka 2015, akashinda tena Olimpiki ya Rio mwaka 2016, kwa 1, 42 na nukta 15. Saa ya London hakuifikia tena. Medali ya dhahabu haikumwuliza habari hiyo.

Mimi nilirudi siku moja ya masika, alfajiri, kiwanja kitupu. Dakika 1 ya kukimbia, dakika 2 za kutembea. Kwenye mara ya tano nilisahau kuhesabu, nikapita goli lile lenye tundu bila kulitazama, nikafika kwenye miembe nikiwa ninacheka peke yangu. Mama mmoja aliyekwenda shamba alisimama kunitazama. Nadhani aliona nimepata homa.

Kuanzia sasa, Alhamisi baada ya kazi, ninapima miguu nyuma ya dispansere: kusimama, kisigino, kuruka. Haichukui dakika 10. Wake na watoto wa wafanyakazi nao waje. Mlete viatu mnavyotaka kukimbia navyo, nivitazame.

Msaidizi wa munganga, dispansere ya kampuni