Anatomia na Stadi za Upasuaji katika Mafunzo ya Madaktari wa Ubingwa: Mfano wa Ureta

Makala haya yanaeleza pengo lililopo kati ya anatomia anayofundishwa mwanafunzi wa udaktari na ile anayoihitaji daktari aliye katika mafunzo ya ubingwa. Kwa kawaida mwanafunzi hupasua maiti mwanzoni mwa masomo yake, akafanya mtihani, kisha asiingie tena katika chumba cha anatomia. Miaka kadhaa baadaye hukutana upya na mwili, safari hii ukiwa hai na unatoka damu.

Tuchukue ureta, yaani mrija unaoteremsha mkojo kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu. (Lugha ya kila siku husema “njia ya mkojo” tu, kauli inayojumuisha mirija yote, anayefundisha kwa Kiswahili hana budi kuupa kila mmoja jina lake.) Ureta ina urefu wa sm 25 hadi 30. Takriban sm 2 kando ya mlango wa kizazi, hupita chini ya ateri ya mfuko wa uzazi, na ateri hiyo ndiyo inayofungwa mfuko unapoondolewa. Mama anapovuja damu baada ya kujifungua na dawa zikashindwa, mpasuaji hulazimika kuibana ateri upesi. Akikosea kidogo, huibana ureta pia. Figo huziba, au mkojo huanza kuvuja ukeni siku chache baadaye, na mwanamke aliyenusurika kifo hurudi nyumbani na fistula.

Daktari huyo huenda aliueleza uhusiano huu kwa ufasaha katika mtihani. Lakini kitabu huipaka ateri rangi nyekundu na ureta manjano, ilhali katika maiti iliyohifadhiwa kwa formalini tishu hukakamaa na rangi hufifia. Aidha, mfuko wa uzazi uliobeba mimba ya miezi tisa hubadilisha maumbile ya eneo zima. Katika mwili hai ureta hujulikana kwa kujinyonganyonga kama mnyoo inapoguswa, jambo ambalo maiti haiwezi kulionyesha.

Kwa hiyo tunaona inafaa anatomia ya ubingwa ifuate operesheni, wala isirudie muhula wa kwanza. Katika wiki moja daktari aifuatilie ureta kwenye maiti kuanzia ukingo wa nyonga hadi kibofuni. Afanye mazoezi ya kufunga mafundo na kushona kwa matumbo ya mbuzi kutoka machinjioni, ambayo gharama yake ni ndogo. Kisha aingie katika upasuaji usio wa dharura, ambamo msimamizi hataruhusu koleo lolote kubana kabla ureta haijaonyeshwa.

Vikwazo ni vya kisera zaidi kuliko vya kitaaluma. Katika nchi nyingi za Afrika, maiti zinazotumika ni zile zisizo na wa kuzidai, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza ndio wanaotangulizwa. Sheria iliyo wazi kuhusu kuchangia mwili kwa hiari ingepanua akiba hiyo. Muda wa wasimamizi ni kikwazo kigumu zaidi. Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, hufundishia katika hospitali ambamo mwalimu ndiye huyo huyo mwenye foleni ya wagonjwa. Saa za kufundisha ziandikwe katika ratiba ya zamu na zilipwe. Na daftari la upasuaji, ambalo huhesabu operesheni zilizofanywa, liongezewe safu moja: je, ureta ilionekana?