Kuhifadhi Majengo ya Wazee Wetu: Kazi ya Nani?

Miaka mingi iliyopita, hapa kwetu Kiloleli, Mkoani Simiyu, tulibomoa msikiti mdogo wa matofali mabichi uliojengwa na wazee wetu. Nia yetu ilikuwa njema, kwani tulitaka msikiti mkubwa wa saruji na bati. Asubuhi kuta zilianguka, na kabla ya adhuhuri mlango wake wa mbao ulikuwa umekwisha pasuliwa kuni. Juu ya mlango ule palichongwa mwaka wa kujengwa msikiti, na mwaka huo haukuandikwa mahali pengine popote. Leo watoto wa chuoni wakituuliza msikiti wa kwanza ulijengwa lini, hatuna la kuwajibu.

Hatukumwuliza mtu, wala hakuna aliyetuuliza. Sote tulidhani kwamba mambo ya kale ni kazi ya Serikali Kuu peke yake, tena ni mambo ya pwani, si ya Usukumani. Dhana hiyo si sahihi, na kosa lake laonekana wazi katika habari za hiyo pwani yenyewe.

Katika kisiwa cha Kilwa Kisiwani, Mkoa wa Lindi, upo Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu yake ya kwanza yakadiriwa kuwa ya karne ya 11 au ya 12. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akauona mji huo ukiwa katika fahari yake. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hata hivyo, kuorodheshwa hakuzuii mvua, chumvi, mizizi ya miti wala mawimbi ya bahari. Mwaka 2004 magofu hayo yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Yalitolewa humo mwaka 2014, na hayakutolewa kwa juhudi ya mtu mmoja. Idara ya Mambo ya Kale ilileta sheria na wataalamu, na mataifa rafiki yakaleta fedha. Lakini aishiye kando ya gofu ndiye auonaye ufa siku unapoanza, naye ni mwanakijiji. Ndiyo maana kisiwani ikawako kamati ya magofu ya wenyeji, na wenyeji wakafundishwa kutengeneza kuta kwa chokaa kama walivyofanya wazee. Saruji haipatani na kuta zile. Ni ngumu mno, nayo huzuia unyevu na chumvi ndani hata jiwe likaoza. Mikoko nayo ilipandwa ufukweni ili ipunguze nguvu ya mawimbi.

Sasa na turejee Kiloleli. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 hata kama halikutangazwa. Lililojengwa baadaye halilindwi mpaka Waziri alitangaze. Msikiti wetu ulikuwa wa siku za karibu zaidi. Basi sheria ya juu isingeuokoa, ila sisi wenyewe.

Wala hatukukosa njia. Sheria hiyo yazipa serikali za mitaa uwezo wa kutunga sheria ndogo za kuhifadhi urithi ulio katika mipaka yao. Kijiji nacho chaweza kupendekeza sheria ndogo yake, ikajadiliwa na wananchi mkutanoni, kisha ikapelekwa halmashauri ya wilaya ili ithibitishwe. Afisa utamaduni wa wilaya aweza kuitwa aje kutazama, na jambo likiwa kubwa yeye hulipeleka juu. Lakini lazima pawe na mtu wa kumwita.

Wako watakaosema kwamba kuhifadhi kuta ni kuzitukuza. La hasha! Hakuna aombaye jiwe. Qurani Tukufu yatuelekeza kuzingatia habari za waliotangulia, na mtoto hawezi kuzingatia asichokiona wala kukisikia.

Nyuma ya msikiti wetu mpya chuo cha zamani kingali kimesimama, na ukuta wake wa mashariki umepata ufa. Baadhi ya ndugu zetu wataka kibomolewe kabla ya masika. Sisi tumeomba mambo matatu. Kwanza, wazee walio hai waulizwe, na maneno yao yaandikwe. Pili, jengo lipigwe picha na kupimwa. Tatu, shauri hili lifikishwe katika mkutano wa kijiji kabla ya mtu yeyote kuinua sururu. Kama wananchi wataamua kibomolewe, tutatii, lakini safari hii mlango hautakuwa kuni.

Nawe msomaji, tazama mtaani kwako. Pana kisima, kaburi au chuo ambacho habari zake azijua mzee mmoja tu? Mwendee wiki hii, wala usingoje barua kutoka wilayani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitunza amana tulizoachiwa. Amin.