Safari Moja, Subira Mbili



Kila siku baada ya sala ya Alasiri, katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale wa Mombasa, wazee wachache huketi barazani kwa kahawa chungu na kashata. Mpita njia huwatolea salamu akaenda zake, asijue kuwa amewapita watu walioizunguka dunia. Hawa ni mabaharia wastaafu. Juma lililopita tuliwaomba idhini tukaketi nao, tukitaraji kurudi na hadithi za mawimbi. Hadithi hizo tulizipata. Lakini lile lililotugusa zaidi halikusimuliwa barazani.

Mkubwa wao alianza na habari za majahazi. Utotoni mwake, mwaka wa mwambao ulihesabiwa kwa pepo mbili. Kaskazi, ivumayo takriban tangu Disemba hadi Machi, ilileta vyombo kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi vikiwa na tende, papa wa chumvi na mazulia. Kusi ilipoingia, vilirudi na boriti za mikoko zilizokatwa Lamu. Yeye alichota maji, alipika wali wa mabaharia, na usiku alifundishwa kuzisoma nyota.

Wenzake walipanda meli za shehena kutoka Kilindini. Wa sitahani walikwangua kutu, wakapaka rangi, wakafunga kamba nene kuliko mkono wa mtu. Wa mashineni waliishi katika joto na kelele. Zamu ilikuwa ya muda wa saa nne, kisha mapumziko ya saa nane, usiku na mchana, bila Ijumaa wala sikukuu. Mwezi wa Juni 1967 vita viliufunga Mfereji wa Suez, nao haukufunguliwa hadi Juni 1975. Meli zilizokuwa zikienda Ulaya zikalazimika kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Mombasa hadi London ikarefuka kwa zaidi ya maili elfu mbili. Kwa wenye meli, hayo yalikuwa mafuta ya ziada. Kwa baharia yalikuwa siku za ziada mbali na wanawe.

Tuliwauliza kuhusu ibada. Walitujibu kwamba kibla, kilichokuwa kaskazini walipong'oa nanga Mombasa, kilikuwa kusini mashariki walipofika Bahari ya Mediterania. Na meli ikigeuka, msala nao hugeuzwa. Walitumia dira, wakazifupisha sala kwa ruhusa ya msafiri, na jikoni wakatenga sufuria yao.

Mmoja alisimulia habari za mwenzao aliyefariki wakiwa mbali sana na nchi kavu. Walimwosha, wakamkafini, wakamsalia, wakamfunga uzito na kumteremsha majini taratibu, kama sheria yetu inavyoruhusu pale ardhi isipoweza kufikiwa kwa wakati. Nahodha aliandika mahali pale katika kitabu cha meli. Mjane wake hakupata kaburi la kuzuru. Alipata karatasi yenye tarakimu.

Hapo baraza lilinyamaza, nasi tukaitwa ndani na mke wa mmoja wao, bibi ambaye muda wote alikuwa akisikiliza nyuma ya mlango huku akitupishia kahawa.

Alitwambia kuwa wazee wale husimulia nusu tu ya safari. Nusu ya pili ilikaa nyumbani. Yeye ndiye aliyepokea fedha zilipofika na kukopa unga zilipochelewa; ndiye aliyewapeleka watoto chuoni na kuwauguza; ndiye aliyejibu kila Idi walipouliza baba yuko wapi. Barua zake zilitumwa kwa wakala wa meli katika bandari ijayo, na mara nyingi zilifika meli imekwisha ondoka, zikaanza kuifuata bandari kwa bandari.

Kisha akatusimulia habari za mwanawe wa tatu. Alipojifungua aliandika barua. Siku kumi na mbili baadaye mtoto alifariki, akaandika ya pili. Mumewe alipoipata ile ya kwanza alifurahi, akawanunulia wenzake haluwa; wakati huo mtoto alikuwa amekwisha zikwa. Barua ya pili ilimfikia majuma kadhaa baadaye. Katika miaka yote waliyoishi pamoja tangu hapo, bibi hakuwahi kumwuliza aliisomea wapi barua ile. Alichelea kumtonesha.

Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amesikia. Bila kugeuka, alijibu kutoka barazani kwamba aliisoma mashineni, zamu ikiwa ndiyo kwanza imeanza. Hapakuwa na wa kumpokea. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaimaliza zamu. Bibi alikaa kimya kidogo, kisha akatoka na kikombe akamtilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe.

Hatukuuliza zaidi.

Leo vijana wetu wangali wanakwenda baharini, na wengine wengi, wake kwa waume, wanakwenda Ghuba kutafuta riziki. Simu imeondoa barua zilizochelewa. Kwa mabaharia upo pia Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014: unataka mshahara ulipwe kila mwezi, baharia awezeshwe kupeleka sehemu yake nyumbani, na apate mapumziko yasiyopungua saa kumi katika kila saa ishirini na nne. Mama anayemuaga mwanawe ayajue haya kabla mkataba haujatiwa saini.

Lakini simu haiulizi yenyewe, wala mkataba haufungui moyo. Ikiwa nyumbani kwenu yupo baharia mzee, ketini naye, na mkewe awepo. Msimwulize habari za mawimbi peke yake. Mwulizeni alikuwa wapi siku fulani ilipotokea nyumbani, na bibi naye aulizwe alifanyaje. Yaandikeni majibu yao, maana wenye kumbukumbu hizi wanapungua kila mwaka.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliolala chini ya maji, awalipe kheri waliosubiri, na awarudishe salama walio safarini. Amin.