Picha ya Matiti na Yampasayo Mwanamke Kuyatarajia

Ni maradhi machache yanayogubikwa na kimya kama saratani ya matiti, na aghalabu fazaa inayowashika wanawake hutokana na kutojua litakalotendeka siku ile watakapoingia katika chumba cha picha, wakavua nguo ya juu, na kusimama mbele ya mashine wasiyopata kuiona. Muradi wa sura hii ni kuieleza shughuli hiyo hatua kwa hatua, kwa kuwa mwanamke ajuaye kinachomngoja huwa mwepesi wa kwenda mapema, na kwenda mapema ndiko kunakoyapa matibabu nafasi njema ya kufaulu.

Elimu hii haikuzuka jana. Miaka 18 tu baada ya Wilhelm Röntgen kuvumbua eksirei mwaka 1895, Albert Salomon, daktari wa upasuaji wa mji wa Berlin, alichunguza kwa mionzi hiyo matiti takriban 3,000 yaliyokwisha kuondolewa kwa wagonjwa, akailinganisha picha na nyama yenyewe, akabaini kwamba saratani ina alama zake, miongoni mwazo vipunje vidogo vidogo vya chokaa. Baadaye Raúl Leborgne wa nchi ya Uruguay alisisitiza kwamba titi lisipobanwa sawasawa picha haiwi bayana. Na katika miaka ya 1960 Charles Gros, tabibu wa Strasbourg nchini Ufaransa, alihusika kuunda mashine iliyokusudiwa mahususi kwa matiti. Kipimo kinachofanywa kwa mashine hiyo ndicho kiitwacho mamogramu.

Anayepata hedhi na achague siku ya kipimo katika wiki inayofuata baada ya kutoharika, maana matiti huwa laini na hayaumi sana; na akiwa mjamzito, au ananyonyesha, au amepata kupasuliwa titi, amweleze mhudumu kabla ya kuanza. Asubuhi ya kipimo aoge, asipake poda, mafuta, uturi wala dawa ya kwapa. Hata shabu, ambayo kina mama wengi wa pwani huitumia kuondoa harufu ya jasho, aiache siku hiyo, kwa sababu ina madini ya alumini, na chembe za madini hayo zikibaki kwenye ngozi yamkini zikaonekana katika picha kama vile vipunje vya chokaa, zikazua shaka pasipo sababu. Akiwa na picha za miaka iliyopita, azichukue. Hakuna kitu kinachomsaidia msomaji wa picha kama kuiona ya zamani kando ya mpya.

Ndani ya chumba, mhudumu, ambaye mara nyingi ni mwanamke, na ni haki ya mgonjwa kumwomba awe mwanamke, huliweka titi juu ya bamba, kisha bamba jingine angavu hushuka na kulibana. Hapo ndipo pana maumivu, na si insafu kuyaficha: wengine huhisi kukazwa tu, wengine huumia kweli, lakini hudumu kwa sekunde chache, na atakayeshindwa kuvumilia aseme, naye mhudumu atalegeza. Kubana huko kuna sababu tatu: titi likiwa jembamba huhitaji mionzi michache, nyama iliyotandazwa haifichani moja nyuma ya nyingine, na kisichotikisika hakitoi picha yenye ukungu. Kila titi hupigwa picha mara mbili, moja kutoka juu kwenda chini, na ya pili kwa mshazari ili sehemu inayopanda kuelekea kwapani isiachwe. Mionzi ya picha zote nne ni takriban milisivati 0.4, kiasi ambacho mwili hukipokea kutoka ardhini na angani katika wiki saba hivi za maisha ya kawaida.

Katika picha, mafuta huonekana meusi au ya kijivu, ilhali tezi za maziwa na nyuzi zinazozishikilia huwa nyeupe, na saratani nayo huwa nyeupe. Kwa hiyo kwa mwenye matiti mazito, yaliyojaa tezi, kama walivyo wengi walio vijana, kuitafuta ni kama kutafuta uzi mweupe ulioanguka juu ya kanzu nyeupe. Hapo altrasaundi huleta msaada mkubwa, kwani haitumii mionzi wala haibani, nayo hutofautisha kivimbe cha maji na uvimbe wa nyama. Na kwa wenye hatari kubwa, mathalan waliorithi kasoro katika jeni ziitwazo BRCA, huongezwa kipimo cha MRI, kinachotumia sumaku na dawa inayotiwa katika mshipa.

Majibu aghalabu huandikwa kwa daraja zilizopangwa na Chuo cha Wataalamu wa Mionzi cha Marekani. Sifuri maana yake picha hazijatosha na nyingine zinahitajika. 1 ni salama. 2 kuna kitu kisicho na madhara. 3 yaelekea ni salama, na hatari haizidi 2 katika 100, hivyo hurudiwa baada ya miezi sita. 4 pana shaka, na 5 shaka ni kubwa sana, na zote mbili hutaka kipande cha nyama kichukuliwe. 6 ni saratani iliyokwisha kuthibitika. Basi mwanamke aliyeitwa arudi asijihukumu: nchini Marekani, katika kila wanawake 100 wanaopimwa, takriban 10 huitwa tena, na walio wengi kabisa miongoni mwao huonekana hawana saratani.

Kuchukua kipande hicho hufanywa kwa sindano, baada ya kupigwa ganzi, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wako wasemao kwamba ugonjwa ukiguswa kwa sindano hutibuka na kusambaa, na kwa kauli hiyo wamezuia ndugu na binti zao wasipimwe. Dhana hiyo imewagharimu wengi, maana saratani husambaa kwa kuachwa, na hakuna tabibu awezaye kuitibu ipasavyo kabla ya kujua ni ya aina gani.

Kuhusu umri, mataifa hayakuafikiana: jopo la ushauri la Marekani lilipendekeza mwaka 2024 kipimo kila baada ya miaka miwili kuanzia 40 hadi 74, na Uingereza huwaita wanawake kila baada ya miaka mitatu kuanzia 50. Kwetu, ambako mashine hizi aghalabu zimo katika hospitali kubwa za mijini, na wengi huugua wakiwa bado vijana, haifai mtu kungojea umri wala mashine iwapo ameona uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, damu itokayo kwenye chuchu, au ngozi iliyokunjamana. Na mwenye dalili asitulizwe na picha iliyo safi, kwa kuwa mamogramu hupitwa na saratani takriban moja katika kila nane. Adai altrasaundi, adai kuguswa na tabibu, na asiondoke pasipo kuandikiwa siku ya majibu, maana kipimo kisichofuatiliwa ni sawa na kisichofanywa.