Kabla ya kumleta pagi Mbegani, fikiria pumzi yake

Mtoto wa dada yangu ana miaka 9. Wiki iliyopita aliona kwenye simu mbwa mdogo mwenye uso bapa, macho ya kutokeza na mkia uliojisokota, anakoroma kama babu. Tangu siku hiyo nyumba yao ya Mbegani haina amani: anamtaka pagi. Dada akanipigia, akijua naandika habari za afya. Nikamuuliza, "Saa nane mchana mwezi wa pili, humo ndani kwako kunakuwaje?" Akacheka. "Tanuri, mdogo wangu."

Hapo ndipo penye kazi. Sisi tukipata joto tunatoka jasho, feni ikilikausha tunapoa. Mbwa hatoki jasho, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Yeye hupoa kwa kuhema: hewa inakausha unyevu wa ulimi na wa ndani ya pua, na joto linatoka nao. Pagi amezalishwa kwa kuchaguliwa vizazi na vizazi mpaka pua ikafupika, lakini nyama laini za kooni hazikupungua kwa kiasi hicho. Zimebanana mle mle na kuziba njia. Kule kukoroma kunakotuchekesha mara nyingi ni mnyama anayetafuta hewa.

Sasa ongeza pwani yetu. Kuna siku kanga iliyoanikwa kivulini inashinda mbichi kwa unyevu wa hewa. Kama kanga haikauki, ulimi wa mbwa nao utakauka vipi?

Hata Uingereza kwenye baridi hali si nzuri. Chuo cha Royal Veterinary College cha London kilieleza mwaka 2022 kwamba pagi wana uwezekano unaokaribia mara mbili wa kupata maradhi kwa mwaka kuliko mbwa wengine. Uholanzi imezuia kuzalisha mbwa wenye pua fupi kupita kiasi.

Kama bado moyo unakutuma, piga hesabu ya kiyoyozi na ya siku umeme unapokatika. Matembezi ni alfajiri, au jua likishazama. Asinenepe, maana mafuta yanazidi kumbana pumzi. Mikunjo ya uso ifutwe na kukaushwa, na macho yaangaliwe, kwani mchanga huyakwaruza upesi. Ukimwona anahema kwa kelele, ulimi umegeuka zambarau, anayumba au anatapika, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo. Maji hayo ndiyo jasho asilokuwa nalo.

Waulize pia mnaoishi nao. Pagi ni mbwa wa ndani, wa kulala kwenye kochi na kulamba watu, na katika nyumba nyingi za Bagamoyo mate ya mbwa ni najisi. Mama mkwe asije akamkuta juu ya mswala.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala, kwa mbwa wa aina yoyote: akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Na mtoto aking'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

"Basi nimwambie nini huyu mtoto?" dada akauliza. Nikamwambia jirani yake ana mbwa wa kienyeji aliyezaa majuzi. Pua ndefu, wote wanne.